Ile 16 kati ya 20

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo kosa langu sina pa kulificha.

Mwaka 2023, kabla ya uchaguzi wa Desemba, vijana wa mtaa wetu hapa Butembo waliniletea mpango wa chama kimoja: nchi ijitegemee kwa nishati, mabwawa ya Inga yamalizwe, mafuta ya nje yapungue. Waliniomba niusahihishe kama mtihani. Nikaupa 16 kati ya 20. Wanafunzi wangu wanajua kwamba 16 yangu haitoki hivihivi.

Nilichopima ni megawati. Inga 1 ya mwaka 1972 ina 351, Inga 2 ya mwaka 1982 ina 1,424, na maporomoko yote yakitumiwa hutajwa kama 40,000. Nilizipanga ubaoni, vijana wakapiga makofi. Makofi yale yalinilevya.

Sikuchora waya. Nilijua vizuri habari ya laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, iliyojengwa kupeleka kura, yaani umeme, kwenye migodi ya Katanga. Inabeba mkondo mnyoofu. Kuuteremsha njiani ili kijiji kipate taa kunataka kituo cha kuubadilisha, na kituo hicho ni gharama kubwa. Basi vijiji vikabaki chini ya nyaya na vibatari vyao. Somo hilo nalifundisha kila mwaka! Siku ile nililimeza, maana lingeniharibia hesabu yangu nzuri. Tena Inga iko kule karibu na Atlantiki, sisi tuko ubavuni mwa Uganda.

Ningekosea ubaoni tu, ningefuta. Lakini baba yangu mdogo ana mashini ya kusaga huko Kamango. Ile ya kwanza aliiacha Julai 2013, waasi wa ADF waliposhambulia na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Bundibugyo, Uganda. Ya sasa inakunywa mazutu yanayopitia mpaka wa Nobili kwa madumu, na bei ikipanda, akina mama wanarudi na mihogo yao bila kusaga. Alikuwa amejiwekea akiba ya kununua pano za jua. Akanipigia simu.

“Mwalimu, ninunue pano au ningoje kura ya Inga?”

“Ngoja, baba. Mpango nimeusoma mwenyewe.”

“Mbona Mutwanga hawakungoja?”

Swali lilikuwa la mtu mwenye akili kunizidi. Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, mwaka 2013 walianza na kituo kidogo cha maji ya mlimani, hata nusu megawati hakikufika, lakini kiliwasha nyumba na kiwanda cha sabuni kikafuata. Mimi nikacheka. Nilimwambia kile ni kitu cha kuchezea, nchi haijengwi kwa vijito. Ndivyo nilivyosema, na aliyekuwa akiniuliza ni mtu anayehesabu mazutu kwa lita.

Akangoja. Mashini ikavunjika, akiba ya pano ikaenda kwenye vipuri, na iliyobaki ikalipa karo ya watoto.

Mwaka uliofuata alikuja Butembo kwa matibabu, akalala kwangu. Nilimwomba radhi usiku, huku jenereta ya jirani ikinguruma. Hakunilaumu. Aliuliza pano moja sasa ni dola ngapi. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akafika mkono wa pili, akaacha.

“Ule mpango,” akasema, “uliitaja Kamango mahali popote?”

Nilikuwa nao bado kabatini. Sikuutoa. Nilikuwa nimeusoma mara tatu, najua jina hilo halimo.