Ua Linalongojea Moto

Aliyekulia Katanga anaujua moto wa kiangazi. Nyasi huwaka, moshi hufunika vilima, kisha nchi ile nyeusi hutoa maua ambayo jana hayakuonekana. Leo natwende mbali, kusini mwa Marekani, tukatazame ua lenye tabia kama hiyo.

Zamani, tangu Virginia hadi Texas, palienea msitu wa misonobari yenye majani marefu kama sindano, hekta zipatazo milioni 36. Miti yake husimama mbalimbali. Jua hufika chini, nazo nyasi na maua hustawi. Mche wake katika miaka ya kwanza hufanana na kishungi cha nyasi: moto hupita juu yake, lakini chipukizi lililofichwa katikati halidhuriki. Radi iliziwasha nyasi hizo, na wenyeji wa kwanza wa nchi ile waliziwasha pia.

Humo huota Schwalbea americana, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Shina lake husimama wima, kimo cha sentimeta 30 hadi 60. Maua yake ni ya manjano iliyochanganyika na zambarau, nayo huchanua tangu Aprili hadi Juni. Kila mbegu imo katika mfuko mwembamba uliolegea, mfano wa kapi. Ndiyo maana Wamarekani huliita «mbegu ya makapi». Lina majani mabichi yake lenyewe, walakini mizizi yake hushikamana na mizizi ya jirani na kufyonza maji na chakula.

Kumbe, jamaa yake tunamjua! Ni lile gugu baya linyonyalo mizizi ya mahindi na mtama mashambani mwetu, ambalo wengine huliita kiduha. Mwaka 1956 gugu hilo lilionekana katika mahindi ya North Carolina na South Carolina, na serikali ikalipiga vita. Basi, jamaa wawili katika nchi moja: mmoja anafukuzwa, mwingine anatafutwa.

Mbona anatafutwa? Misonobari ilikatwa kwa mbao, ikachanjwa kwa ajili ya utomvu, mashamba yakachukua nafasi yake. Haikusalia hata sehemu 5 katika 100. Tena, palipobaki miti, watu walizima kila moto, wakidhani wanauokoa msitu. Vichaka vikasongamana, kivuli kikaingia, na ua likanyauka kimya kimya. Mwaka 1992 serikali ililiandika katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka.

Je, lilisalia wapi? Katika mashamba ya matajiri wawindao kwale, ambao huchoma nyasi mara kwa mara ili ndege hao wastawi. Na katika kambi ya jeshi ya Fort Bragg, ambako makombora ya mazoezi huwasha nyasi. Mahali pa kishindo cha mizinga, ua dhaifu likapata usalama!

Siku hizi watunza misitu huwasha moto kwa makusudi, kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Huchagua siku, hupima upepo, hulima njia za kuuzuia. Baada ya moto huo ua huchanua.

Wahenga walisema: dawa ya moto ni moto. Lakini tusikimbilie viberiti. Katika misitu yetu ya Katanga moto wa mwisho wa kiangazi ni mkali, huua miche. Ule wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ni mpole zaidi. Anayeuwasha ovyo na anayeuzima ovyo, wote wawili hawajaujua msitu wao.