Samaki wa Tangi la Kioo

Msomaji, ikiwa umewahi kupita katika soko la Gikomba, jijini Nairobi, upande ule wauzako samaki, bila shaka umewaona perege wamelazwa juu ya meza safu kwa safu, na kando yao vipande vinene vya mbuta. Perege huitwa ngege na Wajaluo, na sato na ndugu zetu wa Mwanza. Wengi humjua kwa ladha. Wachache humjua kwa ukoo. Ukoo wake ni mkubwa ajabu, na wataalamu huuita ukoo wa siklidi. Humo wamo perege wa kitoweo, wamo furu wadogo wa Ziwa Viktoria ambao Wajaluo huwaita fulu, wamo mbuna wa Ziwa Malawi, na wamo wengi wa wale samaki wa rangi wafugwao majumbani ndani ya matangi ya kioo. Kwa hiyo mtu afugaye samaki wa urembo katika chumba chake cha Shauri Moyo au Kaloleni huenda anafuga jamaa wa kitoweo cha jirani yake.

Aanzaye kuwafuga hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: dume ni yupi, na jike ni yupi? Jogoo hutambulikana kwa undu na sauti, na beberu kwa ndevu na harufu. Lakini siklidi wengi hawakupewa alama iliyo wazi namna hiyo. Wauzaji huwa na jibu jepesi: ang'aaye ni dume, aliyefifia ni jike. Jibu hilo ni nusu ya kweli, na mimi naliona baya kuliko uongo mtupu, kwa sababu uongo mtupu hugunduliwa mapema.

Tangi langu liliundwa na fundi wa vioo asiyekuwa mbali na Gikomba, kwa vipande vilivyobaki katika kazi nyingine, akaviunganisha kwa gundi ya silikoni. Huingia maji lita 120. Niliweka humo furu 8. Kwa majuma mengi mmoja tu alikuwa na rangi, na 7 walikuwa wa kijivu. Mwenye kuhesabu kwa rangi angesema kuwa nina dume mmoja na majike saba. Nikamhamisha yule mmoja katika ndoo; kesho yake alikuwapo mwingine mwenye rangi, ameshika pembe ile ile ya tangi na kuwafukuza wenzake vile vile. Dume mnyonge huvaa rangi ya jike ili asipigwe na mtawala, na mtawala akiondoka huivua. Katika aina moja ya Ziwa Tanganyika mabadiliko hayo huanza kuonekana kwa dakika chache tu.

Usidhani ya kuwa jambo hili ni la udadisi mtupu. Madume mawili katika tangi dogo lisilo na mawe ya kujificha hupigana hata mmoja akafa. Dume mmoja na jike mmoja peke yao nao hawana salama, maana dume humwandama jike mchana kutwa, asile wala asipumzike. Kwa furu na mbuna, desturi njema ni dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, ili usumbufu wake ugawanyike. Nawe huwezi kuwagawa usiowatambua.

Niliwahi kumwuliza mama mmoja muuza samaki pale sokoni, "Mama, wawezaje kunionyesha jike?"

"Mpasue, mwalimu," akanijibu. "Mwenye mayai ni jike."

"Na bila kumpasua?"

"Bila kumpasua, hiyo ni kazi yenu ya shule," akasema, akaendelea kupara magamba.

Basi kazi ya shule ni hii. Yakini haimo katika rangi. Imo chini ya tumbo. Lowesha mikono yako kwanza, kisha mgeuze perege taratibu. Awe amefikia gramu 30 hivi au zaidi, maana mdogo kuliko hapo husumbua macho. Nyuma ya tundu la kutolea choo pana kinundu kidogo. Kinundu cha dume kimechongoka, nacho kina tundu moja kwenye ncha. Kwa hiyo dume ana matundu mawili kwa jumla. Kinundu cha jike ni butu, kina mfereji mwembamba wa kutolea mayai uliokikata kwa mapana, na tundu dogo sana la mkojo. Kwa hiyo jike ana matundu matatu. Tone la wino juu ya kinundu hudhihirisha mfereji ule. Mrudishe majini upesi. Kwa furu na mbuna hesabu hiyo ni ngumu kuonekana, na hapo hulinganishwa ukubwa: matundu mawili ya dume yanakaribiana, lakini la nyuma la jike ni pana zaidi. Yuko mbuna mmoja wa manjano, apendwaye sana na wafugaji, ambaye dume na jike wote ni wa manjano. Kwake elimu ya rangi haisaidii karibu kitu.

Wakulima wa samaki waliijua kazi hii kabla ya wafugaji wa urembo. Perege huzaana bwawani kupita kiasi, hata bwawa likajaa samaki wengi wadogo wasiofaa kuuzwa. Tena dume hukua upesi kuliko jike. Ndiyo sababu mtu hukaa ukingoni akiwagawa mmoja mmoja kwa mkono, madume huku na majike huku. Mwaka 1960 mtaalamu C. F. Hickling, aliyekuwa akifanya kazi Malacca, alitangaza jambo lililowashangaza wengi: alimzalisha dume wa perege aliyetoka Zanzibar kwa jike wa aina ya Msumbiji, na watoto wote wakawa madume. Siku hizi mashamba mengi huwalisha vifaranga chakula chenye homoni, wakageuka madume. Hiyo ni njia ya biashara, na katika tangi la nyumbani haina nafasi.

Sasa nije kwenye ndoa zao. Siklidi wengine huishi kwa jozi, baba na mama wakilinda mayai pamoja juu ya jiwe. Hao mfugaji hawezi kuwa mshenga wao. Ukichukua dume na jike wowote ukawafungia pamoja, huenda asubuhi ukakuta maiti. Waliozoea huweka watoto sita hivi wakue pamoja na kuchaguana wenyewe. Jozi ikijitenga, wengine huhamishwa. Lakini furu, na perege wengi wa kitoweo, hawana jozi ya kudumu. Perege dume huchimba shimo mchangani na kulipamba kwa kulinadhifisha. Jike huja, huyataga mayai, huyatia kinywani mwake, na kuondoka nayo. Perege hukaa nayo, mayai na vifaranga pamoja, kiasi cha majuma mawili. Furu, kama matatu. Katika muda wote huo hula kidogo sana au hali kabisa. Dume wa furu ana madoa ya manjano katika pezi la chini, yanayofanana na mayai. Mwaka 1962 Wolfgang Wickler alieleza kuwa jike huyadhani ni mayai aliyoyasahau, akayafuata kwa kinywa, na kwa njia hiyo mayai yaliyomo kinywani hurutubishwa. Wengine wameyahoji maelezo hayo baadaye.

Jike ndiye achaguaye, naye huchagua kwa macho. Katika ghuba ya Mwanza wako furu wawili wa jamii moja ambayo kwa kitaalamu huitwa Pundamilia. Naam, ni neno letu lenyewe, kwa ajili ya milia yao. Dume wa mmoja ana rangi ya buluu. Dume wa pili, aitwaye nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ana mgongo mwekundu. Majike wao karibu hawatofautiani. Ole Seehausen na wenzake waliwaweka majike ndani ya matangi. Chini ya mwanga mweupe kila jike alimwendea dume wa aina yake. Chini ya mwanga wa rangi moja uliofuta tofauti ya buluu na nyekundu, uchaguzi ule ulipotea. Mwaka 1997 waliandika kuwa hali ile ile imo ziwani: mahali ambapo maji yamechafuka, aina za furu ni chache, na rangi zao zimefifia.

Ziwa Viktoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, nazo hazipatikani kokote kwingine. Inakadiriwa kuwa 200 hivi zimetoweka, nyingi katika miaka ya 1980. Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, alikula nyingi. Lakini si zote zilizoliwa. Mbolea ya mashamba, uchafu wa miji na udongo uliochukuliwa na mvua viliyatia maji giza, na majike wakakosa kuona.

Kwa sababu hiyo mimi sichanganyi katika tangi moja aina mbili ambazo majike wao wanafanana, hata duka likiwa na madume mazuri kiasi gani. Watoto wao huwa machotara wasio na jina, nao hugawiwa kwa rafiki, na rafiki kwa rafiki. Wala wakizidi usiwamwage katika Mto Nairobi upitao kando ya Gikomba, wala katika bwawa lolote. Ngege wa asili, aliyekuwa na jina hilo kabla halijapewa perege wote, alipatwa na msiba wa aina hiyo: perege wageni waliotiwa ziwani katika miaka ya 1950 walimnyang'anya mahali pake, na nyavu na mbuta wakamaliza yaliyosalia. Katika ziwa kubwa ni vigumu sana kumpata leo. Yuko Kanyaboli, ziwa dogo katika kaunti ya Siaya, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala, pamoja na furu kadhaa. Mbuta hajapita katika mafunjo hayo, kwa kuwa maji yake yana hewa haba asiyoweza kuivumilia.