Nilivyojifunza Kazi ya Kompyuta Katika Benki

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dar es Salaam. Ninasomea kazi za kompyuta. Kwetu ni Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi. Wazazi wangu ni wakulima wa ufuta na korosho. Hapa mjini ninaishi Kiwalani, kwa mama mdogo. Kiwalani iko karibu na kiwanja cha ndege. Ndege zikipita juu ya mabati, watu hunyamaza kidogo, kisha huendelea na mazungumzo.

Chuo chetu kina mafunzo kwa vitendo. Wakati wa likizo ndefu, kila mwanafunzi huenda mahali pa kazi kwa wiki nane. Mwezi Julai mwaka 2023 nilipelekwa benki moja katikati ya mji. Sikuwekwa dirishani pa kulipa watu. Niliwekwa katika kitengo cha kompyuta.

Majirani waliposikia walifurahi mno. Walidhani nitashika pesa. Mmoja alinitania kwamba sasa nitarudi na mifuko mizito. Kwa wiki zote nane sikushika hata noti moja ya benki. Katika chumba kile hakuna pesa. Kuna kompyuta, nyaya na baridi kali, maana mashine zile hazitakiwi kupata joto. Mama mdogo aliniazima sweta. Asubuhi nilipanda daladala nimelishika mkononi, huku watu wengine wanajipepea.

Wiki ya kwanza nilifungua mashine za kuchapa zilizokwama karatasi. Nilifunga nyaya. Sina mengi ya kusema juu ya wiki hiyo.

Wiki ya pili msimamizi wangu alinionyesha kazi yenyewe. Yeye ni dada mwenye maneno machache. Aliniambia hivi: pesa ya mteja iliyoko benki ni maandishi. Ukienda kwa wakala kuchukua shilingi 50,000, kompyuta inaandika mara mbili. Kwako inaandika kwamba zimetoka 50,000. Kwa wakala inaandika kwamba zimeingia 50,000, maana yeye amekupa noti zake mwenyewe. Maandishi yote mawili lazima yawepo. Likiwepo moja tu, kuna mtu amepunjwa. Kazi kubwa ya kitengo kile ni kutafuta maandishi ambayo hayalingani.

Jioni nilimweleza jambo hili mzee mmoja, jirani yetu. Zamani alikuwa karani wa benki. Alianza kazi baada ya mabenki kutaifishwa mwezi Februari 1967. Wakati wao waliandika katika leja, vitabu vikubwa vya hesabu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo mzee alifanya kazi miaka mingi kwa kalamu na kichwa chake.

Mzee alinisikiliza, halafu akauliza: "Mjukuu wangu, sisi karani mmoja aliandika, mwingine alikagua, wote wawili wakatia saini. Je, hiyo kompyuta ikiandika vibaya, nani ametia saini?"

Swali lile lilinikaa. Kesho yake nilimwuliza msimamizi. Alicheka, akasema mzee huyo anaijua kazi. Katika kompyuta pia, mambo makubwa hayafanywi na mtu mmoja. Mmoja anaandika, mwingine anathibitisha. Kompyuta inaweka kumbukumbu ya jina la kila mmoja, siku na saa. Yule aliyeandika hawezi kujithibitishia. Nilipomrudishia mzee jibu hilo, alitikisa kichwa kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Niliona pia malalamiko ya wateja. Sikuonyeshwa majina yao. Malalamiko mengine yaliumiza. Mtu amepigiwa simu na mgeni anayejiita ofisa wa benki. Mgeni anaomba namba ya siri ili "arekebishe akaunti". Mtu anaitaja, na baada ya dakika chache akaunti ni tupu. Ndugu msomaji, nimekaa ndani ya chumba cha kompyuta. Pale hakuna mfanyakazi anayeweza kuiona namba ya siri ya mteja. Ukiibonyeza kwenye mashine, inafichwa papo hapo na kwenda imefichwa. Ofisa wa kweli hana kazi nayo. Anayeiomba ni mwizi, hata akiwa na sauti ya upole na anajua jina lako.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa mimi.

Mwezi Agosti mama alinipigia simu kutoka nyumbani. Alikuwa amepeleka ufuta kwenye chama cha msingi. Ufuta uliuzwa mnadani. Wenzake walikwisha lipwa kupitia akaunti zao za benki. Yeye alikuwa hajalipwa, na wiki mbili zilikuwa zimepita. Pesa ile ndiyo ilikuwa ada yangu ya mwaka uliofuata. Hatukuwa na nyingine.

Mama akasema: "Mwanangu, wewe si uko humo humo benki? Hebu niangalizie."

Kwa bahati, akaunti ya mama ilikuwa katika benki ile ile. Lakini siku ya kwanza nilitia saini karatasi. Karatasi ilisema sitatazama akaunti ya mtu yeyote bila kazi rasmi, wala sitatoa habari zake nje. Haikusema isipokuwa mama. Nilimweleza mama kwamba siruhusiwi. Alinyamaza. Kisha akasema, "Haya, mwanangu." Alilisema kwa sauti ambayo kila mtoto anaijua. Siku ya pili mjomba alinipigia. Yeye hakusema haya. Alisema nimesomeshwa ili nisiwasaidie.

Nilikasirika, nakiri, ingawa sikumjibu mjomba. Watu wa nyumbani wanaona kama ofisi ni mlango, na mtu wao akiwa ndani basi afungue. Lakini mimi nikimfungulia mama leo, mwingine atamfungulia mwizi kesho. Na mwizi naye ana shangazi, ana mjomba.

Basi nilimpigia mama tena. Nilimwomba alete vitu viwili karibu na taa: karatasi ya mauzo aliyopewa na chama, na karatasi aliyopewa siku alipofungua akaunti. Mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni la kijiji. Huweka kidole chini ya kila tarakimu. Nilimwambia asinisomee mimi, ajilinganishie mwenyewe. Nilisikia akisoma polepole, moja baada ya nyingine. Halafu akasimama.

"Hapa ni sita nane. Huku wameandika nane sita."

Tarakimu mbili zilibadilishana nafasi. Asubuhi mama alikwenda ofisi ya chama na karatasi zake zote mbili. Katibu alitazama orodha akakuta ni kweli. Orodha ilisahihishwa na kutumwa tena. Mambo hayo yalichukua siku tisa. Kwangu zilikuwa ndefu.

Lakini nilibaki na swali. Pesa ile ilikuwa wapi? Kwa nini haikuingia kwa mtu mwingine mwenye namba ile ya nane sita? Nilimwuliza msimamizi, bila kutaja ni habari ya nani. Alisema kompyuta iliikataa namba, ikairudisha pesa kwa aliyetuma. Mwishoni mwa namba kuna tarakimu moja ya ulinzi. Sio kila benki inaiweka kwenye namba za akaunti, lakini kwenye namba ndefu za kadi za benki ipo. Hesabu inayotumika kwenye kadi ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM. Alipewa haki ya uvumbuzi huo huko Marekani mwaka 1960.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya sasa hivi kwa penseli. Chukua namba 253. Anza kulia. Tarakimu ya 3 zidisha kwa 2, unapata 6. Inayofuata, 5, iache ilivyo. Inayofuata, 2, zidisha kwa 2, unapata 4. Jumlisha 6 na 5 na 4. Jibu ni 15. Ili kufika 20 inatakiwa 5. Basi 5 ndiye mlinzi. Anakaa mwisho, na namba nzima inakuwa 2535.

Sasa mtu akosee, aandike 5235. Mwache mlinzi pembeni, fanya hesabu ya 523. Mara mbili ya 3 ni 6. Tarakimu ya 2 iache. Mara mbili ya 5 ni 10, na ikizidi tarakimu moja unajumlisha 1 na 0, unapata 1. Jumla ya 6 na 2 na 1 ni 9. Ili kufika 10 inatakiwa 1. Lakini mlinzi aliyeandikwa ni 5. Kompyuta inasema hapana. Ukikosea tarakimu moja, itakukamata. Ukibadilisha mbili zinazofuatana, itakukamata pia, isipokuwa 0 na 9. Hizo zikibadilishana, hesabu hii haioni. Nilijaribu mara nyingi kwenye daladala, na kweli haioni.

Hesabu hii ilinipendeza kuliko mashine zote za chumba kile. Haihitaji umeme. Lakini namba ya simu haina mlinzi wa namna hii. Ukituma pesa kwa simu na kukosea tarakimu moja, namba unayoandika inaweza kuwa ya mtu kweli, na pesa itakwenda kwake. Kwenye huduma nyingi, jina la mpokeaji hutokea kabla hujamaliza. Pale mlinzi ni wewe na macho yako. Soma jina lote. Nimeona watu wakibonyeza mbio mbio kana kwamba simu itawakimbia.

Mama alilipwa mwishoni mwa Agosti. Alinitumia ada. Mjomba hakunipigia kuomba radhi, na sikutegemea. Lakini nasikia sasa kabla ya kupokea karatasi ya mauzo anavaa miwani na kuomba kwanza kalamu.

Nilimfundisha mzee jirani hesabu ya mlinzi. Tulikaa barazani. Alileta kadi yake ya benki, yenye tarakimu kumi na sita, akaigeuzia kwake ili nisiione. Alifanya hesabu peke yake kwenye daftari. Alikosea mara ya kwanza, akafuta, akaanza upya. Jumla yote pamoja na mlinzi ikaishia na sifuri, kama inavyotakiwa. Alifurahi sana, akachana karatasi ile vipande vidogo. Halafu akamwita mama mdogo alete kadi yake naye, tuijaribu. Mama mdogo alikuwa anakaanga samaki. Alisema kadi yake haitoki ndani, na kama tunataka hesabu tuhesabu samaki.