Nani Anafunga Mlango Usiku?

Mimi ni nesi wa kliniki ya kisukari, Tanga. Maswali yetu ni yale yale: dawa unameza? Chai unatia sukari? Nyayo zinawaka moto? Niliyauliza kwa miaka, na kwa kufoka nilikuwa hodari.

Bibi mmoja alinitia adabu. Sukari yake ya asubuhi, kabla ya kula, ilikuwa 7 au 8. Ghafla ikawa 13, kisha 15. Daktari akaongeza dozi; mimi nikamshutumu kwamba anakula maandazi kwa siri. Hakubisha. Mwezi uliofuata nikamkuta amesinzia kwenye benchi, kadi imemdondoka.

"Shikamoo bibi. Usiku hulali?"

"Marahaba mwanangu. Nalala, ila sikio halilali."

Mjukuu aliyeishi naye alikuwa amekwenda shule ya bweni. Panya akikwaruza darini, bibi macho. Embe likidondoka juu ya bati, macho. Na ugali wa mtu mmoja, alisema, hausongeki. Basi ni chai na mkate jioni, na tena saa nane za usiku.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia John Cacioppo na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo Marekani: wapweke walikuwa macho zaidi katikati ya usiku. Miaka mitatu kabla, watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 11 wenye afya saa 4 tu kila usiku, kwa siku 6 mfululizo. Miili yao ikawa mizito kuondoa sukari kwenye damu. Vijana hao hawakuwa na kisukari! Mwili usio na wa kuupokea zamu hukaa lindo, na mwili ulio lindoni humwaga kotisoli, homoni inayoliamuru ini litoe sukari.

Tukazungumza na jirani, binti yake akawa anakuja kulala kwa bibi. Baada ya miezi miwili sukari ilikuwa 9. Dozi nayo ilikuwa imeongezwa, kwa hiyo siwezi kumgawia binti sifa zote.

Swali nimeliongeza kwa kalamu pembeni mwa kadi. Mwanzoni niliuliza, "Unalala na nani?" Wazee wa kiume wakaangua kicheko, benchi zima. Sasa nauliza nani anafunga mlango usiku.

Bibi analalamika kwamba mtoto anakoroma.