Logi Iliyokaa Kimya

Seva yangu ya kwanza ilikuwa ya Solaris. Wateja walituma mafaili kwa FTP usiku kucha. Asubuhi mkubwa akauliza nani katuma nini, saa ngapi. Nikafungua logi, patupu.

Mstari nilikuwa nimeuandika mwenyewe ndani ya /etc/syslog.conf: daemon.info, nafasi, kisha jina la faili. Niliusoma hadi macho yakauma. Kesho yake kaka mmoja aliyenitangulia kazini akakalia kiti changu, akapitisha kishale juu ya ile nafasi. Kikatembea hatua moja moja.

"Mdogo wangu, umeweka nafasi za kawaida. Huyu syslogd anataka Tab."

Akafuta, akabonyeza Tab, akaunda faili tupu kwa touch, maana syslogd ya Solaris haiandiki kwenye faili lisilokuwepo, kisha akaipelekea ishara ya HUP. Akaongeza na -l kwenye mstari wa ftpd katika inetd.conf. Makosa matatu, na hakuna lililopiga kelele. Mpaka leo sijamsamehe aliyeamua kwamba kitu kisichoonekana kwa macho kiwe na maana.

Solaris 10 ilipokuja mwaka 2005, ile -l ikahamia inetadm. Nilihariri inetd.conf siku nzima kabla ya kutambua kwamba halisomwi tena.

Kisha tukahamia SFTP kwenye Linux. OpenSSH ilileta ChrootDirectory mwaka 2008, nasi tukamfungia kila mteja ndani ya saraka yake. Logi ikaonyesha mteja kaingia, mteja katoka, alichopakia, kimya. Safari hii sikumwita mtu. Nilijaribu amri ya logger, ujumbe ukafika, kwa hiyo syslog ilikuwa nzima. Aliyekosa njia ni internal-sftp: akishafungiwa, /dev/log iko nje ya ukuta. Nikaunda saraka ya dev ndani ya saraka ya kila mteja, nikaiambia rsyslog ifungue soketi nyingine humo kwa AddUnixListenSocket, nikampa internal-sftp -l INFO. Majina ya mafaili yakaanza kumiminika.

Kijana ninayefanya naye kazi sasa huanza na journalctl, na mara nyingi humtosha. Juzi aliniuliza kwa nini kila nikihariri faili la usanidi hulipitisha kwenye cat -vet. Nikamwonyesha ile ^I katikati ya mstari.