Minneapolis na Tanuri la Chini ya Nyumba

Msafiri atokaye pwani yetu akifika Minneapolis mwezi wa Januari huwakuta watu wakipita juu ya barabara, ndani ya madaraja ya vioo yaunganishayo majengo ya mjini. Mji huo umejengwa kwa kuihofia baridi, nao una sababu: tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri.

Kinachoyalinda maisha huko hakionekani barabarani. Kimo katika chumba cha chini ya ardhi, ambamo tanuri la gesi hupasha hewa joto na kuisukuma vyumbani kwa njia za bati. Mtu aamkaye kwa sala ya Alfajiri akakuta nyumba baridi na tanuri kimya hana budi kuchunguza upesi, kabla mabomba ya maji hayajaganda na kupasuka.

Aanze na kidhibiti-joto cha ukutani: je, kimewekwa upande wa joto, na betri zake zingali na nguvu? Kisha swichi ya tanuri lenyewe, ifananayo na ya taa, ambayo mtu huizima bila kujua. Halafu sakiti breka. Atazame na kichujio: kikijaa vumbi, tanuri hupata joto kupita kiasi na kujizima. Kifuniko nacho kifungwe barabara, kwani kikilegea swichi ya usalama hukata umeme.

Baada ya hapo atoke nje. Matanuri mengi ya siku hizi huvuta hewa na kutoa moshi kwa mabomba ya plastiki yatokezayo ukutani. Theluji ikiyaziba, kifaa cha usalama huizuia gesi isiwake. Aiondoe taratibu, kisha alizime tanuri na kuliwasha tena. Likikataa, aitwe fundi mwenye leseni.

Harufu ya gesi ikisikika, swichi yoyote isiguswe. Wote watoke, na simu ipigwe kutoka nje. Na seredani ya mkaa, tuliyoizoea kwetu, isiwashwe ndani kamwe, wala jiko la gesi lisitumiwe kupashia nyumba joto. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini. Kengele ya kuitambua iwepo karibu na vyumba vya kulala.

Fundi akichelewa, watoto na wazee wapelekwe kwa jirani. Katika baridi ile, kubisha hodi usiku si aibu.