Mkono Mtupu na Gwaride la Mafinga



Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa vijana waliomaliza kidato cha sita hulikabili kila mwaka bila kulisema wazi. Kijana amepangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, amekwenda, amekaa huko miezi mitatu, na sasa habari imefika kwamba mafunzo yanafungwa. Wazazi wanakaribishwa kushuhudia gwaride. Mzazi anafurahi kwa usiku mmoja, na asubuhi yake anaanza kuhesabu: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, mahali pa kulala, chakula, zawadi. Anapomaliza hesabu, furaha imekwisha kupungua nusu. Wapo wanaokopa ili waende. Wapo wanaobaki nyumbani na kusingizia kazi. Tunawaandikia hao na hao.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba suala la fedha si geni katika historia ya utumishi huu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 Serikali ilipoamua kwamba wasomi nao walitumikie taifa kwa lazima, sehemu kubwa ya utumishi huo wangeifanya kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga masharti hayo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, na siku hiyohiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Utaratibu uliendelea hadi ulipositishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Matokeo yake ni kwamba wazazi wengi wa leo walimaliza shule katika kipindi kile ambacho kambi hazikuwapokea. Babu anaijua kambi, mjukuu anaijua, bali baba na mama waliopo katikati hawaijui. Ndiyo maana barua ya wito inapofika, wengi huingiwa na hofu ya kitu wasichokiona.

Na gharama huanza mapema. Kijana anapoondoka nyumbani amekwisha kununuliwa bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi na suti ya michezo, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Waliopangiwa sehemu za baridi huongezewa nguo nzito. Mwaka jana vijana sita wa parokia yetu, iliyo pembezoni mwa Morogoro, walipangiwa kikosi cha 841 KJ Mafinga, wilayani Mufindi, ambako majira ya kipupwe mtu wa kwetu hutetemeka hata adhuhuri. Familia hizo sita zilikuwa zimebaki na madaftari ya madeni madukani.

Hata hivyo, jioni ileile vijana walipoondoka, wazazi wao walikaa nasi chini ya mwembe wa parokia wakakubaliana jambo moja. Kwa kuwa vijana watakuwa mafunzoni kwa majuma 12, wazazi nao wangejizoeza kwa majuma hayohayo kuweka akiba. Kila familia ilitoa shilingi 8,000 kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba: ilikuwa shilingi 96,000 kwa familia, na 576,000 kwa wote. Kamati ya parokia iliruhusu litumike basi dogo la shule yetu ya chekechea baada ya kupatiwa kibali cha safari, nasi tukabakiwa na jukumu la mafuta, posho ya dereva na chakula. Viti sita viliachwa wazi kwa makusudi, ili vijana warudi nasi na nauli zao za kurudia zibaki mifukoni.

Hapo mambo yangeweza kuonekana yamekwisha, lakini ugumu mkubwa haukuwa katika mafuta.

Baba mmoja, dereva wa bodaboda, alikuja kutuambia kwamba haoni haya kupanda basi la chekechea, bali anaona haya kufika mikono mitupu. Katika simu alikuwa ameona picha za mahafali ya wengine: keki yenye sura ya mhitimu, mashada ya maua, ukoo mzima umevaa fulana zilizochapwa picha ya kijana. Alikuwa amekwisha kuzungumza na watu wa mikopo ile ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu, na dhamana ingekuwa kadi ya pikipiki. “Baba Paroko,” alisema, “wahenga hawakukosea. Mkono mtupu haulambwi.”

Tulikaa naye jioni nzima. Hatukuwa na hoja ya elimu kubwa. Tulifanya hesabu tu. Pikipiki ile ndiyo iliyolipa ada ya kijana kwa miaka miwili, na ndiyo iliyotarajiwa kumpeleka chuoni. Kuiweka rehani kwa ajili ya keki ni kuuza jembe ili ununue kofia ya kwendea shambani. Aliondoka bila kujibu. Kesho yake tulisikia kwamba kadi ya pikipiki amemkabidhi mkewe aitunze hadi safari ipite.

Mwingine alikuwa mama mjane anayeuza vitumbua. Katika juma la tisa alimwendea mweka hazina, akaomba arudishiwe fedha zake, kwani mdogo wake yule binti aliyeko kambini alikuwa amerudishwa shuleni kwa kukosa sare. Hakulalamika. Alisema tu, “Mwanangu ni mtu mzima sasa, ataelewa.” Fedha alirudishiwa siku hiyohiyo, bila neno. Ndipo mweka hazina, mtu mwenye maneno machache, alipotamka jambo tunalolikumbuka hadi leo: “Mama, sare kanunue. Lakini basi haliongezi mafuta kwa sababu yako. Kiti chako kipo.” Mama yule alinyamaza kwa muda, kisha akauliza watu wa safari watakuwa wangapi, ili ajue aloweke mchele kiasi gani.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri tukiwa 15, huku Misa za Dominika tukimwachia padre mwenzetu. Vitumbua vilikuwa bado vya moto. Tulipita Hifadhi ya Mikumi polepole kama sheria inavyotaka, tukawaona twiga bila kiingilio. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu mahali vinapolimwa. Katika mlima Kitonga basi letu lilipanda nyuma ya malori kwa mwendo wa kinyonga, na babu wa mmoja wa vijana, aliyepita kambini miaka ya sabini, akatumia nafasi hiyo kutufundisha chenja, zile nyimbo za mchakamchaka. Alitufafanulia pia maneno ya kambini: hanga ndiko wanakolala, bwalo ndiko wanakolia, kuruta ni yule anayeanza, na doso ni adhabu ambayo hakuna kuruta asiyeionja. Kufikia Iringa, kina mama waliopanda basi wakiwa na hofu walikuwa wakiitikia chenja kuliko wanaume.

Nyumba za wageni huadimika siku kama hizo. Kwa hiyo tulikuwa tumeandika barua mapema kwa parokia moja ya huko, nayo ikatupatia ukumbi. Kina mama wa jumuiya ndogondogo walileta mikeka na magodoro, nasi tukawapa vitunguu. Baridi ilikuwa kali, ila hapakuwa na bili ya kulala.

Jumamosi asubuhi tuliketi uwanjani. Vijana walipoingia kwa safu, hatukumtambua hata mmoja. Sare moja, kofia moja, hatua moja. Wale waliokuwa wakiburuta ndala nyumbani hadi tukawakemea, sasa kisigino cha mamia kilipiga ardhi kwa sauti moja. Walipita kwa mwendo wa pole, wakapita kwa mwendo wa haraka, mgeni rasmi akakagua gwaride, kiapo kikaapwa, risala ikasomwa. Katikati ya hayo yule mama wa vitumbua alinyanyuka taratibu, akaonyesha kwa kidevu: “Wa tatu kutoka mwisho. Ndiye. Anavyokunja kiwiko ni baba yake mtupu.” Baba huyo alikwisha kufariki. Hakuna aliyesema lolote. Tulimpisha asogee mbele aone vizuri.

Gwaride lilipotawanyika, vijana walikuja mbio kutafuta watu wao. Binti yule hakuuliza mama yake ameleta nini. Alimkumbatia kwa muda mrefu hata kofia ikaanguka. Yule dereva wa bodaboda alikuwa na mfuko wa ndizi mbivu za Matombo, ambao aliutoa kwa aibu kidogo. Kijana wake aliwaita wenzake wa hanga, nazo ndizi hazikumaliza dakika tano.

Lakini tuliona pia jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tuandike tafakari hii. Pembeni ya uwanja walikuwapo vijana ambao hawakumkimbilia mtu. Mmoja alikuwa akifuta viatu ambavyo vilikwisha kung’aa. Mwingine alisoma tangazo ukutani, akamaliza, akalisoma tena. Hao ni watoto waliotoka mbali, au ambao kwao hesabu za nauli hazikukubali. Mama wa vitumbua alikuwa akipakua pilau. Akamwita yule wa viatu:

“Baba, njoo hapa.”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

“Nimekula bwaloni, mama.”

“Hicho cha bwaloni ni cha serikali. Kaa ule cha nyumbani.”

Alikula, akaongezewa. Alikuwa ametokea upande wa Kigoma. Kisha akaomba kwa adabu kuazima simu. Tulimsikia akisema, “Mama, nimehitimu. Ndiyo, mama, sipo peke yangu. Nipo na wageni wangu.” Wageni wangu! Neno hilo lilitunyamazisha watu wazima 15.

Ndugu wapendwa, yule baba wa bodaboda alituletea methali, nasi tumeitafakari tangu siku ile. Mkono mtupu haulambwi: ni kweli sokoni, ni kweli katika kutafuta kazi, na huenda ni kweli hata katika siasa. Lakini mtoto aliyesimama juani kwa miezi mitatu haji kuulamba mkono wa mzazi wake. Anakuja kuushika. Kumbukeni kwamba Maria na Yosefu walipompeleka Mtoto hekaluni walitoa ndege wawili, sadaka ambayo Sheria iliwaruhusu watu wasio na uwezo wa kununua mwanakondoo. Hawakuahirisha safari mpaka wapate mwanakondoo, wala hawakumkopa.

Kwa wale ambao vijana wao watakwenda kambini mwaka huu, tunapendekeza machache.

Kwanza, anzeni akiba siku kijana anapoondoka, si siku taarifa ya kufunga mafunzo inapofika. Majuma 12 ni mengi kwa mwenye shilingi elfu chache. Siku tano ni chache hata kwa mwenye nazo.

Pili, safirini pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ulizeni katika jumuiya, misikitini kwa jirani zetu, na katika shule waliyotoka vijana, nani mwingine ana mtoto katika kambi hiyohiyo. Kati ya familia zetu sita, mbili zilikuwa za Kiislamu, na pilau tuliyosifiwa ilitoka katika sufuria yao.

Tatu, ulizeni mapema taratibu za kambi: saa ya kuingia, kinachoruhusiwa kubebwa, na mahali panaporuhusiwa kupigwa picha. Wala msiwanunulie watoto nguo zinazofanana na sare za jeshi ili wapendeze siku hiyo, kwa maana raia haruhusiwi kuzivaa.

Nne, msiweke rehani chombo cha kazi kwa ajili ya sherehe ya siku moja. Kijana anayehitimu ana safari nyingine mbele yake, na chombo hicho ndicho kitakachomfikisha.

Tano, pikeni zaidi ya idadi yenu. Sahani mbili za ziada hazimfilisi mtu.

Na kwa yule mzazi ambaye hata baada ya haya yote hatapata njia ya kwenda, tunasema usijilaumu. Mwandikie mwanao barua, umpe anayekwenda aifikishe mkononi mwake. Wapo watakaomwona kwa niaba yako, wamwite wamkaribishe kula.

Tunawatakia juma jema na Dominika yenye baraka.